Mdomo wa Bibi, Upande wa Moyo

Vumbi la kompyuta likishapata moto lina harufu yake, na mimi naijua hata nikizibwa macho. Juzi fundi mmoja jirani yangu hapa Usagara alifungua kompyuta ya zamani, zile zenye kisogo kirefu nyuma, akaiwasha aone kama bado inapumua. Ikapumua. Harufu ikatoka kibandani kwake, ikavuka barabara, ikanikuta nimekaa na kikombe changu cha chai ya tangawizi, nikakiweka chini. Kilichokosekana ni udi tu. Ingekuwa na udi ndani yake, wallahi ningeinuka niseme, "Mama, nimerudi kutoka shule."

Nyinyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa. Mnakumbuka mashine zile zilivyokuwa zikifunikwa kitambaa cha kufuma kama biharusi, na mtoto akitaka kuingia zilipo lazima avue viatu mlangoni. Mama alikuwa na moja, katika chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga, na chumba hicho ndicho kilichokuwa studio yake: pazia la buluu ukutani, stuli, taa mbili zenye miavuli, na mashine nyuma ya kabati. Kila asubuhi alifukiza udi, kwa sababu, alisema, mteja akinusa vizuri hutabasamu vizuri. Baba alikuwa Mkwaja kwenye kazi za chumvi, akija mara moja moja, kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu wawili na ile mashine.

Kazi ya Mama ilikuwa kupiga picha, lakini sifa yake ilikuwa kusukuma. Ndivyo alivyoita mwenyewe, na ingawa leo nakula kwa kazi hiyohiyo, sijapata neno bora. Kwenye programu yake ya picha kulikuwa na duara linalofuata mausi. Ukiliweka juu ya shavu la mtu, ukabonyeza ukaburuta, shavu linakufuata kama unga wa chapati. Kulikuwa na duara la kufinya, ambalo hupunguza pua. La kuvimbisha, ambalo hutoa macho. Na la kusokota, ambalo halikuwa na maana yoyote isipokuwa kwa watoto. Mtoto akilia kwenye stuli, Mama alimpakata mbele ya kioo cha mashine, akafungua picha yake mwenyewe Mama, akaisokota pua mpaka ikawa kama konokono, na mtoto akanyamaza kwa mshangao. Nami nilikuwa nikicheka sana.

"Duara kubwa, mkono mwepesi," alikuwa akiniambia, mimi niliyesimama nyuma ya kiti chake nikila ubuyu. "Ukichukua duara dogo ukakazana, unamfanya mtu vinundu. Duara kubwa, unasukuma kama humsukumi." Na kabla ya kusukuma alikuwa na tabia moja: alipaka rangi nyekundu sehemu fulani za picha, mlango, meza, nguzo ya nyuma, kisha akimaliza anaifuta yote. Sikuuliza ya nini. Nilishaamua moyoni kwamba ile ni hina ya kinga, ili kazi ishike.

Maana nilikuwa na imani yangu. Niliamini kwamba kinachofanywa kwenye picha kinamfika mwenye picha. Hakuna aliyeniambia, niliona kwa macho yangu haya. Alikuja biharusi mmoja na picha za harusi yake, kakaa ameinamisha kichwa, mama yake ananong'ona kando. Mama akachukua duara kubwa, mkono mwepesi, akalisukuma tumbo la yule biharusi ndani ya gauni, taratibu, mpaka likalala. Yule mama mtu mzima akamshika mkono. "Mungu akusitiri kama ulivyotusitiri," akasema. Haukupita muda mrefu nikamwona biharusi yuleyule sokoni, na tumbo limelala kama lilivyolazwa kwenye picha. Alikuwa amebeba kitoto kichanga, lakini hicho sikukitia akilini. Vitoto vichanga kila mtu anabeba. Nikajisemea, mashine imefanya kazi.

Halafu akaja mwalimu wa kwaya ya Walutheri, mtu mpole ambaye bega lake moja limeshuka. Mama akalipandisha kwenye picha ya kwaya likawa sawa na la pili. Krismasi akapita kutusalimu na koti jipya, mabega yamenyooka kama rafu. Kwamba fundi wa cherehani alimshindilia pamba upande mmoja, hilo nililijua nimeshakuwa mtu mzima, na nilipolijua nilikasirika. Siku ile nilimtazama mama yangu kwa heshima isiyo na kifani. Nilidhani ni mganga anayejificha nyuma ya kamera.

Sasa, Bibi yangu mzaa Mama alikuwa akikaa Pongwe, na mdomo wake ulijulikana mpaka mjini. Alikuwa mpambaji wa mabiharusi. Hakuna shughuli ya wanawake iliyokosa kiti chake cha mbele, na kutoka kiti hicho aliona kila kitu na kusema kila alichokiona. Na asiposema, alibetua. Kubetua mdomo mnakujua: unauvuta pembeni, unaupandisha kidogo, na aliyelengwa anajua kadharauliwa bila neno kutoka. Bibi alibetua vizuri kuliko mtu yeyote niliyemwona. Aliyepata sehemu kubwa ya mabetuo hayo ni jirani yake Bi Tatu, mpambaji mwenziwe. Walikuwa wakijibizana kwa kanga. Huyu akinunua doti yenye maneno, yule hakulala mpaka apate doti ya kujibu.

Kisha asubuhi moja Bibi akaamka, akanywa chai, na chai ikamwagika kidevuni. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande, umekaa huko, haurudi. Jicho la upande wa pili likawa halifumbi vizuri, linatoa machozi yenyewe. Mama alipomweleza daktari, daktari alisema ni mshipa wa uso umelegea. Majirani walisema upepo mbaya. Na Bi Tatu, kama maneno yalivyotufikia, alisema, "Si alikuwa anabetua? Umembakia."

Neno hilo ndilo lililomfunga Bibi ndani. Tangu siku hiyo alizungumza nasi ameziba mdomo kwa mtandio. Hakula mbele ya mtu. Gari la kwenda hospitali aligoma kulipanda, ndiyo maana Mama alimpiga picha nyumbani ili ampelekee daktari aitazame: Bibi kakaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa chumba chake, mtandio ameushusha kwa dakika moja tu, na nyuma yake linaning'inia pazia la kanga. Mdomo umepanda shavuni. Daktari alisema utarudi kidogo kwa mazoezi, si wote, na huenda usirudi kabisa.

Na hayo yote yalitukuta harusi ya mama mdogo Salha iko mlangoni. Salha alikuwa kitinda mimba wa Bibi, mchekeshaji, mwepesi wa kulia. Kila Jumamosi alikuwa akienda Pongwe kumbembeleza mama yake, na mara moja nilikuwapo nikasikia.

"Ozesheni," Bibi alisema nyuma ya mtandio. "Mimi nitakuwa humu ndani nawaombea dua."

"Nani atakaa nami ukumbini? Nani atanipa radhi mbele za watu?"

"Radhi nitakupa hapahapa. Salha, mimi nimewasema watu maisha yangu yote. Leo nikakae juu ya jukwaa na mdomo huu, niwape karamu? Na hao wakwe zako, kila nitakapowatazama watadhani nawabetulia."

"Basi na harusi isiwe," alisema Salha, akaanza kulia. "Mimi siwezi kutolewa kama yatima na mama yangu yu hai."

Hakuwa anatania. Upande wa bwana harusi walishaanza kuuliza kulikoni, tarehe inasogezwa na kusogezwa, na wanaume hawapendi kuchezewa. Hata mimi mtoto nilijua kwamba kitu kinavunjika, na kwamba kinavunjika kwa sababu ya mdomo. Na dawa ya mdomo tulikuwa nayo nyumbani, imefunikwa kitambaa.

"Mama, si umsukume tu?" nilimwambia jioni ile.

"Nani?"

"Bibi. Ile picha yake imo kwenye mashine."

Mkono wake ukasimama juu ya mausi. "Mama yangu simsukumi," alisema.

"Kwani mmegombana?"

"Nenda kacheze nje."

Nilikwenda nje nikiwa nimepata jibu: wamegombana. Watu wazima ndivyo walivyo, wanaweza kumsukuma biharusi wasiyemjua kwa jina, wakamwacha mama yao amepinda. Basi kama yeye hataki, nitafanya mimi. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Mchana, Mama akiingia ndani kuswali na kupika, alikuwa akiniachia mashine nicheze na picha ya mbuzi wa jirani, na mbuzi yule nilikuwa nimeshamvimbisha, nimemfinya na kumsokota mpaka mkono wangu umekuwa wa kazi. Siku ile mbuzi nikampumzisha. Nikamfungua Bibi.

Nilichukua duara kubwa. Nikaliweka kwenye pembe ya mdomo iliyopanda, nikaivuta chini, kidogo, tena kidogo. Nikaisogeza katikati. Kisha upande uliolegea nikaupandisha, na jicho nikalifinya kidogo likawa sawa na mwenziwe. Harufu ya kitunguu ilikuwa ikitoka jikoni, feni inazunguka, na polepole, mbele ya macho yangu, akarudi Bibi yule wa zamani, yule wa kiti cha mbele. Hina nyekundu sikuipaka, nilidhani ni ya mabiharusi peke yao. Nikaichapa picha, nikaitia kwenye mfuko wangu wa madrasa, nikawa nangoja Jumamosi kama mtu aliyekwisha kufaulu.

Jumamosi tukafika Pongwe na mama mdogo Salha. Mimi nilikuwa mbele, nataka niwe wa kwanza kumwona alivyonyooka. Mlango ukafunguliwa. Mtandio, na juu ya mtandio jicho lilelile lenye machozi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona unanitumbulia macho?"

Nilishangaa, lakini sikukata tamaa. Nikafikiri: dawa hainywewi na mwingine, pengine lazima aione mwenyewe. Nikatoa picha nikamkabidhi. "Bibi, nimekunyoosha. Itazame sana, itakuingia."

Akaitazama. Salha akachungulia begani kwake, akaweka kiganja mdomoni. Bibi aliisogeza picha karibu, akaipeleka mbali, akaileta karibu tena, na lile jicho likamwaga machozi mpaka nikaogopa kwamba nimekosea kipimo. Hapo ndipo akauliza, "Na doti yangu je?"

"Doti gani, Bibi?"

"Hii hapa nyuma yangu, kwenye mlango! Tazama pindo lake, limeota matege! Tazama na maandishi! Kanga yangu ya Hayawi Hayawi Yamekuwa, nimeitunza tangu babu yako yu hai, wewe mtoto umeifanya nini?"

Nikatazama. Lo! Kweli. Pale nilipoushusha mdomo, pindo la kanga lililokuwa nyuma lilishuka nalo, likabonyea kama kitanda cha kamba kilichochoka. Maneno yaliyokuwa yamepangwa yamenyooka sasa yaliegemeana kama watu wanaorudi ngomani. Macho yangu yote yalikuwa kwenye mdomo. Kanga sikuiona kabisa. Lakini mwanamke wa pwani utamficha nini kwenye kanga? Anaisoma kabla hajamsoma aliyeivaa.

Na Bibi akacheka. Alianza kwa kukohoa, kisha mabega yakamtingishika, kisha mtandio ukaanguka na hakuuokota. Mdomo ukapanda shavuni, ukapanda zaidi kwa kicheko, na akauacha upande utakako. "Salha, njoo uone! Mimi nimenyooka, mlango umepinda!" Salha naye akacheka na kulia kwa pamoja, kama desturi yake. Tangu ugonjwa ulipoanza, sikuwa nimekisikia kicheko kile, na nilifurahi kiasi kwamba nikasahau kuwa dawa yangu imeshindwa.

Alipotulia, alifuta macho akaishika picha tena. "Mwanamke huyu mzuri," akasema, "lakini ukimleta hapa nyumbani nitamuuliza ametoka wapi." Akanivuta karibu. "Sikiliza, mke mwenzangu. Kama una nguvu hizo, mimi niache kama nilivyo. Wapinde hao. Mpinde mama yako, na huyu anayenililia hapa kila Jumamosi, mpinde. Tukiwa sawa sote, nitakuja harusini."

Alikuwa anatania. Salha alijua anatania, kuku wa uani walijua anatania. Mimi nilipokea kama agizo.

Kwenye mashine kulikuwa na picha ya siku ya posa: Mama na Salha wamekaa kwenye kochi, mimi katikati nimevaa gauni la njano. Siku ya pili yake, baada ya adhuhuri, nikaanza kazi. Nilimpinda Salha kwanza, kwa sababu alikuwa mwembamba wa uso na aliniridhisha mara moja. Nikajipinda mwenyewe. Nilikuwa kwenye mdomo wa Mama, nauburuta kuelekea shavuni, niliposikia harufu ya udi imesimama nyuma yangu.

"Unafanya nini?"

"Bibi kaniagiza. Kasema tukipinda sote, atakuja."

Nilingoja kofi. Halikuja. Mama aliinama, uso wake ukawa karibu na wangu, akajitazama pale kwenye kioo akiwa na mdomo uliokwenda upande. Akanyoosha kidole akaligusa shavu lake la kwenye kioo. "Yarabi," akasema polepole. "Kumbe nimefanana naye hivi."

Alivuta stuli ya wateja akakaa kando yangu. Alikuwa analia, lakini bila sauti, na mimi sikujua nifanye nini ila kuachia mausi. Ndipo akaniambia kwamba na yeye alijaribu, si mara moja. "Kila nikimnyoosha, naona kama namwambia, afadhali ungekuwa hivi. Mama yangu huyo. Nikawa nazima mashine." Kumbe hawakuwa wamegombana. Nilijisikia vizuri sana, kuliko ninavyoweza kueleza.

Kisha akapenga kamasi kwa pembe ya kanga, akaitazama kazi yangu, na akarudi kuwa fundi. "Umetupinda upande siyo."

"Si kushoto?"

"Kushoto kwako wewe unayetazama. Picha si kioo cha kujitazamia, mwanangu. Mdomo wa Bibi umekwenda upande wa moyo. Moyo wangu uko wapi hapo?"

Nikauweka mkono kifuani kwangu, nikaupeleka kwenye picha, nikavuka, nikaupata. Tukafuta yote tukaanza upya. Na hapo ndipo nilipojua ile nyekundu. Alinishika mkono juu ya mausi, tukapaka kochi, tukapaka pazia, tukapaka mtindo wa nywele za Salha. "Hii unaviambia vitu vitulie," alisema. "Kilichopakwa hakitikisiki. Bibi yako angeona kochi limepinda angetusema mpaka kiama." Kisha akanisogeza kando, akachukua mausi, na akaupinda mdomo wake mwenyewe. Alijua ulikotakiwa kuishia, kiasi cha kupanda, mkunjo mdogo unaojitokeza karibu na pua. Nimewaona mafundi wengi tangu siku ile, wenye mashine za bei mbaya, na bado namweka Mama mbele yao.

Alipeleka picha hiyo Pongwe mwenyewe, na mimi nikamfuata. Bibi aliikagua kama anavyokagua biharusi kabla hajamtoa. "Salha amenifuata," akasema. "Huyu mke mwenzangu naye hajambo. Wewe umezidisha, unaonekana umekula ndimu." Mama akasema sawa, atarekebisha. Bibi akaipapasa picha kwa kidole gumba. "Nani atanipaka wanja?" akauliza mwishoni. "Maana jicho hili linamwaga machozi, litaniharibia."

Picha ya harusi ile iko ukutani kwangu hapa ninapoandika. Bibi hayupo tena, na wengi waliomo hawapo, Mungu awarehemu. Wateja huiona wakaniuliza mbona sijairekebisha, mimi mwenye sifa zote hizi, nami huwaambia hiyo haiguswi. Nitaeleza ilivyopigwa, mnijibie wenyewe.

Ukumbi ulijaa wanawake. Asumini, udi, biriani, taarabu imefunguliwa mpaka vikombe vinatetemeka. Bibi aliingia ameshikwa mkono na Mama, mtandio umepita puani, vigelegele vikapanda na kushuka kidogo katikati, kile kishindo kinachopungua watu wanapotaka kutazama. Bi Tatu alikuwa kiti cha mbele kabisa. Kiti cha Bibi. Bibi akakiona, akapita, akapanda jukwaani akasimama mbele ya Salha aliyejaa hina mpaka viwikoni. Muziki ukazimwa kwa ajili ya radhi. Salha akapiga magoti. Na dua, kama mnavyojua, huombwa kwa mikono miwili. Bibi akanyanyua mikono yake yote miwili, na mtandio, uliokuwa hauna wa kuushika, ukateremka mabegani.

Nikasikia ukumbi mzima unavuta pumzi. Kisha minong'ono, kule nyuma, kama mchele unaopepetwa. Bibi aliendelea na dua yake mpaka mwisho, hakuruka hata neno, ingawa herufi nyingine zilimponyoka mdomoni. Alipomaliza akamwekea Salha mkono kichwani. "Nimekuridhia, mwanangu." Akabaki amesimama, hana pa kujificha, na mimi nikimtazama kutoka karibu na kamera ya Mama.

"Familia tupige picha!" Mama aliita kwa sauti ya kazini. Mashangazi wakapanda, mabinamu wakapanda, wakamzunguka Bibi. Mama akainama kwenye kamera. "Haya," akasema. "Tayari. Moja, mbili..."

Salha alikuwa wa kwanza. Uso umepambwa tangu alfajiri, midomo myekundu kama komamanga, akaivuta pembeni, akaipandisha shavuni. Kisha mashangazi, mmoja baada ya mwingine. Kumbe ile picha ya posa tuliyoipinda ilishazunguka nyumba zote. Bibi alihisi kitu, akageuka kushoto, akageuka kulia, akaona. "Nyie!" akasema. "Nyie watoto!"

Ndipo Bi Tatu alipoinuka. Aliinuka polepole kutoka kile kiti cha mbele, akajiweka sawa, na watu wakageuza shingo, maana kila mtu alijua historia yao. Alipanda jukwaani ngazi moja moja. Akaja akasimama bega kwa bega na Bibi. Wakatazamana.

"Mwenzangu," Bi Tatu akauliza, "upande gani?"

"Wa moyo," akasema Bibi.

Bi Tatu akautafuta upande huo, akautengeneza mdomo wake, akaubetua. Aliubetua vizuri, mwaka hadi mwaka alikuwa amejifunza kwa fundi. Vigelegele vilivyotoka hapo sijavisikia tena kwenye harusi yoyote, na Bibi akamshika Bi Tatu mkono, na mashavu yake yalikuwa yamelowa yote mawili, si lile la jicho bovu peke yake.

Mimi nilikuwa na tatizo. Nilimvuta Mama gauni. "Mama. Bi Tatu hakuwemo kwenye picha yetu. Mimi sikumpinda."

"Najua."

"Sasa amepindwa na nani?"

Mama alikuwa anafuta kamera, au anafuta macho, sikuona vizuri. Alinigeuza kuelekea jukwaani, akaweka kiganja chake chote mgongoni kwangu, akanisukuma kwa mkono mwepesi niende nikasimame na wenzangu.